Kozi ya mtandaoni ya fasihi simulizi: nenda moja kwa moja wiki ya tano

Nimemaliza jana usiku ile kozi ya wiki nane ya fasihi simulizi na mila (jina la chuo kapuni) na wiki tatu za kwanza nusura nijitoe. Majina na miaka mwanzo mwisho, mara William Thoms ndo kabuni neno folklore 1846, mara Aarne kazipanga ngano kwa namba 1910, Thompson akaongezea, Uther akaja kufumua upya 2004, halafu kwizi inakuuliza Cinderella ni namba ngapi. 510A. Haya nimeijua, niipeleke wapi? Zile namba raha yake ni kufuata kisa kimoja kinavyohama nchi hadi nchi kikibadilisha nguo, wangetuonyesha hata mara moja tu.

Propp, yule mtafiti wa Kirusi, na hatua zake 31 ambazo visa vya ngano za Kirusi huweza kupitia, wamemfundisha vizuri, sina neno.

Sasa wiki ya tano. Unapewa rekodi ya dakika nne, bibi anasimulia, kazi yako ni kuinukuu kama ilivyo, na vicheko vyake na kila anaposhusha sauti. Masaa matatu hayo! Nikaituma nikijiona fundi, kumbe msahihishaji kaizungushia duara pale bibi anaposema "akaenda, akaenda, akaenda" maana mimi niliacha "akaenda" moja, nikaona hayo mengine ni kujirudia tu. Akaniandikia, umefuta safari. Nikasikiliza tena, kweli bwana, ile ya tatu anaivutaaa mpaka hadhira inaguna, unasikia kabisa mtu kachoka njiani. Ndo nikamwelewa Dundes, mtaalamu wa fasihi simulizi wa Marekani, aliyesema tangu 1964 kwamba maneno peke yake hayatoshi, lazima uchukue na yalivyotamkwa na mazingira yake. Ila nimejifariji kidogo, hata kina Grimm, wale ndugu wawili wa Kijerumani waliokusanya ngano, walizipiga pasi ngano zao toleo baada ya toleo kuanzia 1812.

Kilichoniudhi kweli ni maadili ya utafiti, wameyapa dakika sita tu. Ruhusa ya fanani unaiombaje, rekodi inabaki mikononi mwa nani, akibadili mawazo mwakani inakuwaje? Kimya. Na yule bibi tuliyemnukuu wote hakuna popote walipoandika kama anajua sauti yake iko humo, nimewauliza mara mbili sijajibiwa.

Nyota tatu. Ya nne naishikilia mpaka wanijibu.