TAHADHARI: Unga wa "mizizi" ya usingizi kwenye kopo la kijani

Wana Dar, nimepigwa, na naandika ili asipigwe mwingine.

Tangu nianze shifti za usiku, usingizi wangu ni wa mashaka. Kwenye grupu letu la WhatsApp huku Tabata likaingia tangazo: kopo la kijani lenye picha ya mwezi, "mizizi ya valeriana na maua ya chamomile, asilia tupu, haina madhara". Bei 60,000, "leo tu" 45,000. Hiyo leo tu ipo mpaka leo. Unalipa kwa simu, boda anakuletea mlangoni. Ukiuliza duka liko wapi, unajibiwa "Kariakoo", basi. Kariakoo yote ile!

Usiku wa kwanza nilikoroga kijiko kimoja, nikazimika. Sikusikia adhana wala simu. Nimeamka saa tano asubuhi, mdomo mkavu, kichwa kizito hadi jioni. Na mimi mjinga nikamsifia muuzaji kwenye grupu (mlionunua kwa maneno yangu, mnisamehe). Wiki ya tatu kopo likaisha kabla la pili halijafika. Usiku ule sikufumba jicho, moyo unadunda, mikono inatetemeka.

La pili nikampelekea mama mmoja mfamasia, jirani yetu. Akamwaga kidogo kwenye karatasi: ndani ya unga wa kahawia kuna punje nyeupe kama chaki. Akanusa, akacheka. "Mwanangu, hii inanukia iliki. Mzizi wa valeriana unanuka soksi." Akaniambia tafiti za valeriana zenyewe zinagongana, na mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Marekani wa mwaka 2017 haukuipendekeza kwa watu wazima wanaokosa usingizi kwa muda mrefu. Chamomile nayo ni chai ya kutuliza tu. Mmea wa namna hiyo haukuzimishi usiku wa kwanza.

Anachohofia yeye ni vidonge vilivyosagwa humo, diazepam (dawa ya hospitali ya kutuliza na kulaza) au hata piritoni. Bila maabara hawezi kuapa. Ila diazepam ukiizoea kisha ukaikosa ghafla, kutetemeka kule ndiko kwenyewe, na ukiichanganya na pombe inaweza kukukata pumzi. Hapo nikakumbuka bia za Jumamosi.

Nikamwandikia muuzaji anipe namba ya usajili, maana dawa za asili zinasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Jibu: "Ndugu yangu, dawa za Mungu hazina namba." Kisha akaniblok. Siku mbili baadaye kopo lile lile, picha ile ile, likarudi kwenye grupu jingine kwa jina jingine la muuzaji.

Kama unalo nyumbani, usiendeshe gari wala pikipiki ukiwa umelinywa, na usinywe na pombe. Kama umelitumia kwa wiki kadhaa, usikate peke yako kwa ghafla. Nenda hospitali na kopo lako mkononi, daktari alione. Mama mjamzito na mwenye dawa nyingine za kila siku ndio msichelewe kabisa.

Langu nimelifunga kwenye mfuko, Jumatatu nalipeleka TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, pale External. Meseji zote ninazo, na za muamala pia. Mliolipa, msifute zenu.