Programu ya kusoma skani: herufi zote sawa, sentensi zote wazimu

Jina lao silitaji. Ni wale wanaotangaza kwamba ukiwapa picha ya karatasi wanakurudishia maandishi "tayari kwa kuhaririwa". Nimelipia kifurushi cha mwezi kwa hela yangu mwenyewe, wiki kadhaa zilizopita, na hadi leo nikikumbuka damu inachemka.

Nina duka la steshenari Morogoro. Kazi zetu mnazijua: vivuli, barua za kuomba kazi, laminesheni. Safari hii akaja bwana mifugo mstaafu, mzee wa heshima zake, na kijitabu cha ufugaji alichokiandika enzi akiwa kazini. Nakala imebaki hiyo hiyo moja. Anataka kichapwe upya, na kwa kuwa ana mtoto wa jicho, anataka pia faili la kwenye simu ili simu imsomee kwa sauti. Kurasa zake zina safu mbili, mara nyingi ng'ombe kushoto na kuku kulia.

Nikaskani, nikapakia, ikarudi PDF. Kwa macho ni safi kabisa. Ukitafuta "dang'a", yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, inakupeleka pale pale, na ile ng' yenye ritifaa, kile kialama cha juu, ambayo programu nyingi huigeuza takataka, imesomwa bila kosa. Hapo ndipo ujanja ulipojificha. Unachokiona kwenye kioo ni picha ya ukurasa; maandishi yenyewe yamelazwa chini yake, huyaoni mpaka unakili au simu ianze kusoma.

Mzee akaketi kwenye benchi, akafungua faili. Simu ikaanza, kwa sauti ya juu kabisa:

"Ndama akizaliwa apewe dang'a ya vifaranga na kuwawekea taa ya mama yake mapema, ndani ya saa joto usiku, wasije wakarundikana chache, ili apate kinga na kufa kwa kukanyagana."

Waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Akaizima simu, akaniuliza polepole: "Binti yangu, hiki ni kitabu changu?"

"Ni chako, mzee. Nipe muda nikikague."

Kilichotokea ni hiki. Programu imesoma mstari wa kwanza wa safu ya kushoto, ikaruka ile nafasi nyeupe ya katikati na kuunga na mstari wa kwanza wa kulia, ikashuka mstari wa pili, ikafanya vile vile mpaka chini. Ndama na vifaranga wakawa ukoo mmoja. Na ndivyo ilivyofanya karibu kila ukurasa.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikaambatanisha ukurasa na ile sentensi. Jibu lilikuja haraka, lazima niwape haki yao: "Mpendwa mteja, herufi zako zimesomwa kwa usahihi wa hali ya juu. Mpangilio ni jukumu la mtumiaji. Tunashauri uskani upya, karatasi imepinda." Na kikatuni cha kutabasamu mwishoni.

Mpangilio ni jukumu la mtumiaji! Sasa nilichowalipia ni nini? Herufi nazijua tangu darasa la kwanza.

Tena hilo la karatasi kupinda lisiwababaishe wengine. Kutafuta safu si elimu ya juzi. Mwaka 1984 watafiti George Nagy na Sharad Seth walishaandika namna ya kuukata ukurasa kwa kufuata mikanda myeupe: unatafuta mkanda mrefu usio na wino, unakata hapo, kisha kila kipande unakikata tena hadi ubaki na vipande visivyogawanyika. Ni kweli njia hiyo inasumbuka ukurasa ukiinama upande kidogo, maana mkanda mweupe unazibwa na herufi. Lakini mwaka 1993 Lawrence O'Gorman akaleta njia ya kuangalia kila herufi na jirani zake wa karibu, ambayo kupinda hakuiangushi, kwani ule mwinamo inaupima yenyewe. Mwaka huo huo 1993 ndipo Adobe walipoitoa PDF, ambayo kimsingi huhifadhi herufi na mahali zilipo kwenye ukurasa. Kipi kisomwe kabla ya kipi, faili lisipowekewa alama za muundo, anayetengeneza programu ndiye wa kulifikiria. Hawa wangu hawakulifikiria, wakaniachia mimi na tabasamu juu.

Kwa hasira nikashusha Tesseract, programu ya bure ya kusoma skani iliyoanzia maabara za HP miaka ya 1980 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2005. Ina Kiswahili, na ina namba za kuiambia ukurasa umekaaje. Ukiiwekea 6 unaiambia kila kitu ni bonge moja la maandishi, na nilipojaribu, ikanipa ndama wangu wa kukanyagana vile vile! Yaani naona hawa jamaa wanauza kwa pesa kitu ambacho bure kinapatikana kwa kubonyeza namba mbaya. Nikarudisha 3, ambayo ndiyo inayokuja nayo. Safu zikaachana. Ndama akanywa dang'a ya mama yake, vifaranga wakapata taa yao.

Ila sitaki kudanganya watu. Tesseract kwenye hiyo nakala iliyofifia imenipa "ngombc" na "vifaranqa" za kutosha, na kurasa zenye picha katikati nazo iliziparaganya. Upande wa herufi wale wa kulipia wako juu, hata nikiwa na hasira nasema. Hivyo kazi nimeimaliza kwa kuchanganya: mpangilio nimeuchukua wa bure, tahajia nikasahihisha kwa kuangalia yao, ukurasa kwa ukurasa, usiku, duka limefungwa. Kwa hiyo nilikuwa nimepanga kuwapa nyota tatu.

Halafu nilipokuwa naandika hapa nikafungua tena lile jibu lao ili ninukuu vizuri, nikakiona kile kikatuni. Nyota moja. Kama una hati yenye safu mbili, jedwali, au kisanduku cha maelezo pembeni, usiwape hata shilingi. Na kama kuna mtu asiyeona atakayelitegemea hilo faili, sikilizeni simu ikilisoma kabla hamjamkabidhi, maana jicho halitaonyesha kitu.

Barua za safu moja nitaendelea kuwapelekea mpaka siku nilizolipia ziishe. Hizo wanazisoma vizuri sana, na hela yangu hawarudishi, nimeshauliza.