Sabuni ya Mwani kwa Maji ya Chumvi: Wiki Sita za Kuoga na Kulinganisha

Nyumba ninayoishi Kigamboni inatumia maji ya kisima, na yeyote aliyewahi kuogea maji ya chumvi anaijua adha yake: sabuni haitoi povu hata ukiisugua kwa dodoki mpaka mkono uchoke, ndoo inabaki na utando mweupe, na ngozi ya miguu huanza kuvutika kabla hujamaliza kujifuta. Kwa miaka mingi nilihama kutoka sabuni moja ya dukani hadi nyingine, nikifuata harufu na picha ya kwenye boksi, na kila mara nilijikuta palepale. Mwanzoni mwa Juni nilikuwa Unguja kwa shughuli za kifamilia, nikanunua vipande vinne vya sabuni ya mwani kutoka kwa kikundi cha akina mama wa Paje, na kuanzia katikati ya mwezi huo nikaogea sabuni hiyo kwa wiki sita, asubuhi na jioni, bila kuichanganya na nyingine isipokuwa pale nilipotaka kulinganisha.

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Huingia shambani maji yanapokupwa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, wakafunga mbegu kwenye kamba zilizowambwa kati ya vigingi, na baada ya wiki kadhaa huvuna, huanika na kuuza kwa kilo. Sehemu kubwa ya mwani mkavu husafirishwa nje kutolewa ute wa karajinani unaotumika katika vyakula na dawa za meno, na anachopata mkulima ni kidogo mno kwa kazi ya kuinama majini saa nyingi. Mwani mnene, ambao ndio wenye bei nzuri zaidi, umekuwa ukifa kadiri maji ya kina kifupi yanavyozidi kupata joto, kwa hiyo wengi wamebaki na mwani mwembamba. Juhudi za kuongeza thamani zilizoanza mwaka 2006, zikiongozwa na mtafiti wa bahari Dk. Flower Msuya, ndizo zilizowafundisha wakulima wengi kusaga mwani na kuutia kwenye sabuni na bidhaa nyingine. Ninatamani biashara hii idumu, na kwa sababu hiyohiyo nimeipima kwa ukali uleule ambao ningeipima sabuni ya kiwandani.

Jaribio la kwanza nililifanya mezani, kabla ya kuingia bafuni. Nilichukua chupa nne tupu zinazolingana. Mbili nikazijaza nusu kwa maji ya kisima na mbili kwa maji ya mvua niliyokuwa nimeyahifadhi kwenye pipa. Nikaparuza kijiko kimoja cha sabuni ya mwani na kijiko kimoja cha sabuni ya kawaida ya kuogea tunayonunua duka la mtaani, nikaviweka katika chupa, kila sabuni kwa kila aina ya maji, kisha nikazitikisa zote kwa muda uleule. Katika maji ya mvua, sabuni zote mbili zilitoa povu lililojaa mpaka shingoni mwa chupa. Katika maji ya kisima, sabuni ya dukani ilitoa vipovu vichache vilivyopasuka mara moja, na maji yakajaa chembe nyeupe zilizoganda kama maziwa yaliyokatika. Sabuni ya mwani nayo iliyafanya maji yawe na ukungu, lakini juu yake lilikaa povu la kimo cha vidole viwili, na baada ya robo saa bado lilikuwepo.

Sababu ya tofauti hiyo inaeleweka. Maji magumu, kama haya ya kisima chetu, yana madini ya kalisiamu na magnesiamu, ambayo hukamatana na mafuta yaliyomo katika sabuni na kufanya ule mgando mweupe unaobaki kwenye ndoo, kwenye taulo na mwilini pia. Sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta ya nazi kwa wingi huvumilia hali hiyo vizuri zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo sabuni yake huyeyuka upesi hata penye chumvi. Mabaharia waliokuwa wakioga kwa maji ya bahari walitumia sabuni za nazi kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya sabuni hii ninaipeleka kwa mnazi, na mwani nitaurudia baadaye, kwa kuwa wauzaji huupa sifa zote peke yake.

Kipande chenyewe kina umbo la tofali dogo lisilonyooka sana, maana kimekatwa kwa mkono. Cha kwanza nilichokipima kwenye mizani ya muuza mchele kilikuwa na gramu 96. Rangi yake ni kijani kilichochakaa kinachoelekea kuwa kijivu, na juu kina unga mweupe mwembamba ambao wateja wengine huudhani ni ukungu. Ni magadi yanayojitokeza sabuni inapokauka hewani, nayo huondoka kwa maji ya mara ya kwanza. Ukikipitisha kidole unazihisi chembe za mwani uliosagwa, ndogo kuliko chenga za mchele, na upande mmoja nilikuta uzi mzima wa mwani umelala kama mshono. Harufu ni ya karafuu. Wiki ya kwanza ilijaza bafu zima, na kufikia wiki ya pili ilikuwa imetulia kiasi cha kusikika pale tu unapokisogeza puani.

Kwa siku kumi nilitumia sabuni ya mwani mguu wa kushoto na sabuni ya dukani mguu wa kulia, bila kupaka mafuta popote chini ya goti, ili nione kazi ya sabuni peke yake. Mguu wa kulia ulipauka kuanzia siku ya pili, na ukipitisha ukucha unaacha mstari mweupe. Mguu wa kushoto ulikuwa laini mara baada ya kuoga, na ule utelezi wa mgando uliozoea kubaki kwenye ngozi haukuwepo. Lakini ilipofika mchana nao ulipauka, ingawa kwa kiasi kidogo. Nilivunjika moyo kidogo, kisha nikaona kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa. Sabuni ya nazi husafisha kwa nguvu, na sabuni yoyote ya kweli ina ukali wa magadi ulio juu sana ya asidi hafifu ya ngozi ya binadamu, hivyo kuiambia ngozi isipauke bila mafuta ni kutaka sabuni ifanye kazi isiyo yake. Kinachosaidia ni kwamba sabuni za mikono huachiwa gliserini inayojitengeneza humo humo, na nadhani ndiyo iliyoufanya mguu wa kushoto uwe na nafuu.

Kuhusu mwani, niliambiwa dukani kwamba huondoa madoa, hukaza ngozi na kurudisha ujana. Kwa wiki sita sikuona doa lolote likiondoka, na kovu la kuungua pasi nililonalo mkononi liko vilevile. Kitu kinachokaa mwilini kwa dakika moja na kusuuzwa kina nafasi ndogo ya kufanya makubwa hayo. Nilichokiona ni kwamba ute wa mwani huifanya sabuni iteleze vizuri inapopita mwilini, na zile chembe husugua viwiko na magoti kwa upole kiasi kwamba dodoki nililitumia mara mbili tu kwa wiki. Hizo ni sifa za kutosha kwa sabuni, nami ningependa wauzaji waridhike nazo, kwa maana mteja aliyeahidiwa ujana hatarudi kununua kipande cha pili.

Karafuu inahitaji tahadhari zaidi ya mwani. Mafuta yake yana eujenoli, ambayo ni miongoni mwa manukato ambayo Umoja wa Ulaya unawataka watengenezaji wayaandike wazi kwenye lebo kwa sababu huwadhuru ngozi baadhi ya watu. Kabla ya kuogea nilipaka povu sehemu ya ndani ya kiwiko kwa siku tatu mfululizo, na halikuniletea shida. Dada yangu mdogo, ambaye ngozi yake ni nyepesi kuchokozeka, alipata wekundu na mwasho shingoni siku ya pili, akaacha, na ukatoweka wenyewe. Usoni mimi mwenyewe niliitumia kwa siku nne tu, kwa kuwa mashavu yalikuwa yakichoma nikitoka juani.

Upande wa mafuta, nilijaribu mawili ambayo yanapatikana karibu kila mahali: mafuta ya nazi na mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na harufu. Chupa yangu ya kwanza ya mafuta ya nazi, niliyoinunua katika duka ambalo sitalitaja, ilikuwa na maandishi makubwa kwamba ni safi kwa asilimia mia. Mafuta safi ya nazi huanza kuganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za kipupwe hapa kwetu hufika huko bila shida. Asubuhi zote za mwishoni mwa Juni chupa ile ilibaki maji matupu. Nikaiweka kwenye friji usiku kucha, na nilichokikuta ni tabaka jembamba jeupe chini na kimiminika cha njano juu. Yamkini yalikuwa yamechanganywa na mafuta mengine, na niliyalipia bei ya nazi tupu. Chupa ya pili niliipata kwa mama anayekamua mwenyewe, na asubuhi ya kwanza tu ilikuwa imeganda yote, nyeupe kama mshumaa, ikayeyuka nilipoishika viganjani. Ninamshauri kila mnunuzi aweke kijiko kimoja kwenye friji kabla hajaagiza chupa ya pili.

Mafuta hayo ya nazi, yakipakwa ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, yalinitosha kwa mikono na kiwiliwili, na hayakunifanya nivuje jasho la kunata ndani ya daladala. Kwa miguu hayakufika jioni. Huko mafuta ya mgando yalishinda waziwazi, maana huifunika ngozi na kuzuia maji yasitoke, na magaga yangu ya kisigino cha kulia, ambayo yalikuwa yakishika uzi wa shuka, yalifunga katika wiki ya tatu kwa kupaka usiku na kuvaa soksi. Ni kopo la bei ndogo kuliko vitu vyote nilivyojaribu. Kasoro yake ni joto: mgongoni na kifuani sikuyavumilia hata siku moja.

Nilijaribu pia liwa, ule mti wenye harufu unaosagwa na kupakwa mwilini, kwa kuwa wiki ya mwisho ya Julai nilitokwa na harara mgongoni baada ya safari ndefu. Niliisaga juu ya jiwe kwa maji kidogo ya waridi mpaka ikawa kama uji mzito, nikapakwa, nikaiacha ikauke kwa nusu saa. Ubaridi wake ni wa kweli na mwasho ulipungua usiku uleule. Harara yenyewe ilichukua siku tatu kuisha, ambazo huenda ingechukua hata bila liwa.

Nirudi kwenye sabuni kwa habari ya bei. Nililipa shilingi 5,000 kwa kipande, na kimoja kilinitosha siku 19, baada ya kujifunza kwamba hakipaswi kulala kwenye sahani yenye maji. Kipande cha kwanza kilioza kikawa uteute na kuisha siku ya 12. Sasa ninakiweka juu ya kifuu cha nazi kilichotobolewa, kikauke baina ya kuoga na kuoga. Bado ni ghali mara kadhaa kuliko sabuni ya dukani, na kwa familia ya watu sita sitaipendekeza iwe ya kila siku. Kwa nyumba yenye maji laini ya bomba, faida niliyoiona mimi itapungua sana.

Jambo lililonisumbua ni lebo. Ilitaja mwani, nazi na karafuu, bila kutaja kostiki soda, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, wakati kwa kawaida sabuni ya kipande haitengenezwi bila hiyo, na hakukuwa na tarehe ya kutengenezwa. Kostiki humalizika sabuni inapopikika na kukaa, na akina mama walinieleza kwamba huziacha wiki nne hadi sita kwenye rafu kabla ya kuuza. Kwa nini basi wasiiandike tarehe hiyo, ambayo ndiyo sifa kubwa ya kazi yao? Kipande kimoja kati ya vinne kilikuwa laini na kilichoma ulimi kidogo nilipokigusisha, jambo linaloonyesha kwamba kilitoka rafuni mapema, hivyo nilikiweka kabatini kwa wiki tatu nyingine na kikawa sawa na wenzake. Kwa watoto wachanga na wenye pumu ya ngozi nisingethubutu kuitoa, hasa ile yenye karafuu. Niliagiza vipande sita vingine mwezi wa Agosti, visivyotiwa karafuu, na safari hii nimeomba kila kimoja kiandikwe kwa kalamu siku kilipokatwa.