Uzoefu wangu na filamu ya Dallas Buyers Club

Filamu hii ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Jean-Marc Vallée, inamhusu Ron Woodroof, fundi umeme wa Texas anayeambiwa mwaka 1985 kwamba ana UKIMWI na amebakiza siku 30, naye akaishi hadi Septemba 1992. Niliitazama nyumbani Ngamiani, hapa Tanga, pamoja na mama mdogo, ambaye ametumia dawa za kufubaza virusi kwa miaka mingi na hafichi hali yake. Ninaipendekeza kwa mtu mzima yeyote, ila lipo jambo ambalo mtazamaji wa kwetu anastahili kuambiwa mapema.

Matthew McConaughey alijikondesha kwa zaidi ya kilo 20, na ukiyaona mashavu yalivyobonyea na suruali inavyomning'inia, unawakumbuka wagonjwa tuliowauguza kabla dawa hazijafika. Yeye na Jared Leto walipata tuzo za Oscar kwa haki kabisa. Hata hivyo, kilichonigusa zaidi ni tukio la dukani, pale rafiki wa zamani wa Woodroof anapokataa kumpa mkono Rayon, mgonjwa aliyezaliwa mwanamume anayeishi kama mwanamke, na Woodroof, ambaye mwanzoni alikuwa na chuki ileile, anamkaba rafiki huyo shingo mpaka mkono unatolewa. Mama mdogo aliniomba nirudishe nyuma tulione tena. Kisha akasema kwamba marehemu mjomba alitengewa kikombe cha bati na sahani, vikaoshwa mbali na vyombo vingine, na hakuna aliyemtetea. (Rayon, kwa taarifa, ni mhusika wa kubuni.)

Sasa lile jambo lenyewe. Filamu inaionyesha AZT, dawa ya kwanza ya kufubaza virusi, kama sumu, na dawa ambazo Woodroof aliziingiza kwa magendo na kuwapa wanachama wa klabu yake waliolipa dola 400 kwa mwezi kama ndizo wokovu. Ni kweli kwamba mwanzoni AZT ilitolewa kwa dozi kubwa mno, miligramu 1,200 kwa siku, ikawadhuru wengi. Lakini dawa hiyohiyo, ikipunguzwa na kuchanganywa na nyingine, imeokoa mamilioni, na filamu inalisema hilo kwa maandishi mafupi ya mwisho tu. Nchini kwetu, ambako ARV, yaani dawa za kufubaza virusi, zinatolewa bure tangu 2004 na bado mwaka 2011 watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya mchungaji aliyedai kwamba inaponya, baadhi yao wakaacha dozi, maneno hayo yalihitaji uzito zaidi.

Ina matusi na matendo ya faragha, hivyo isitazamwe mbele ya watoto wala wakwe, na Kiingereza chake cha Texas kilinilazimu kuisimamisha mara kwa mara ili nimfasirie mwenzangu. Mama mdogo anataka niipeleke kwenye kikundi chao cha watu wanaoishi na VVU, nami nimekubali kwa sharti kwamba nitayasoma yale maandishi ya mwisho kwa Kiswahili, taratibu, kabla mtu yeyote hajainuka.