Lifti ya seva kwenye kituo cha data cha kukodi: uzoefu wangu Arusha

Kabla sijasomea kompyuta nilibeba mizigo Kilimanjaro misimu miwili, njia ya Machame. Pale getini mzigo wa mpagazi unapandishwa kwenye mizani, ukizidi kilo 20 unapunguzwa hapo hapo. Nikashuka kuja Arusha kufunga seva, zile kompyuta kubwa zinazohifadhi data na kuhudumia mtandao, na kwa miaka sita hakuna aliyeniuliza nanyanyua kilo ngapi.

Seva ya kawaida ya 2U (U ni kipimo cha kimo cha kifaa, kama sentimita 4.4) ina kilo 25 hadi 35. Kabati la diski la 4U, likijazwa diski 60, linaweza kupita kilo 100. Halina pa kushika, kingo zake ni bati kali, na linatakiwa liingie kwenye reli za raki, ile fremu ndefu ya chuma inayobeba seva, bila kupinda hata kidogo huku mikono yako iko juu ya kichwa. Mwaka juzi, kwenye kituo kingine, tulikuwa watatu tukipandisha kabati la namna hiyo. Upande wa mwenzangu ukakosa reli. Mzigo ulishuka kama shubiri moja tu, lakini kidole chake cha pete kilikuwa kati ya bati na nguzo ya raki. Alipoteza pingili ya juu. Mpaka leo akifunga skrubu ndogo anazishika kwa mkono wa kushoto.

Kwa hiyo kampuni yetu ilipohamishia vifaa kwenye kituo hiki, ambako tunachangia ukumbi na wapangaji wengine, swali langu la kwanza halikuwa umeme wala intaneti. Niliuliza kama wana lifti ya seva. Wanayo, na nimeitumia kwa miezi minane sasa.

Ni mashine ya betri, ina magurudumu manne na meza inayopanda na kushuka. Kibao chake kinasema mwisho kilo 227. Unaisukuma hadi mbele ya raki, unakanyaga breki, unalaza seva mezani ikiwa bado usawa wa kiuno, unafunga mkanda, ndipo unabonyeza kitufe. Mara ya kwanza nilikuwa napeleka seva nafasi ya 38 ya raki kutoka chini, juu ya kimo changu. Meza ilipanda taratibu, nikaisogeza pembeni kidogo mpaka reli zikatazamana, nikasukuma kwa viganja viwili. Ikaingia. Tulikuwa wawili na hakuna aliyetoka jasho. Nilimkumbuka mwenzangu, nikakaa kimya kidogo.

Angalieni sakafu lakini. Hii ni sakafu ya kuinuliwa, yaani vigae vimekaa juu ya nguzo na chini yake ni wazi, na vile vigae vyenye matundu ya hewa havibebi uzito sawa na vigae vizima. Lifti peke yake ni nzito kuliko watu wawili. Ikiongezwa mzigo, usiisimamishe juu ya kigae cha matundu. Pia usivute seva mbili nje kwa pamoja, raki inaweza kukuinamia.

Shida yangu ni kwamba lifti ni ya wote. Usiku mmoja wa matengenezo tuliikuta haina chaji. Mlinzi akasema, "Kaka, waliotangulia hawakuirudisha kwenye umeme." Mara nyingine mkanda haukuwepo. Nikauliza nani anaikagua. Kituo kikasema mtumiaji aangalie kabla ya kutumia, mwajiri wangu akasema mashine si yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, na vifaa vya kunyanyulia ni miongoni mwa vitu ambavyo OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, hukagua. Mimi sikubali mgongo wa fundi ubaki katikati ya mikataba miwili.

Niliwaandikia barua. Walichofanya, na nawashukuru, ni kufunga daftari kwa kamba kwenye mpini wa lifti: jina, saa, chaji, breki, mkanda, sahihi. Tangu daftari lile sijaikuta imezima. Mkanda mpya ulikuja wiki ya pili.

Ombi langu lililobaki ni mizani pale mlangoni wanapopokea vifaa, na kila kabati libandikwe kilo zake kabla ya kuingia ukumbini. Ile ya jukwaa wanayopimia viazi soko la Kilombero hapa Arusha inatosha. Meneja amesema ataiweka kwenye manunuzi ya robo ijayo. Nitarudi hapa kuandika ikifika.