Nishati ya kupikia Mtwara: ipi inakurahisishia kweli?

Tukichagua cha kupikia, wengi tunauliza bei kwanza. Si vibaya, ila bei haikuambii utapepea jiko kwa muda gani, wala nani atakubebea mtungi mpaka Chuno. Mwaka 2002, Leonard Berry, Kathleen Seiders na Dhruv Grewal waliandika katika Journal of Marketing kwamba urahisi ni muda na nguvu za mteja, na unapatikana au kukosekana katika hatua tano: kuamua, kukifikia kitu, kulipia, kukitumia, na yanayofuata baadaye kama matengenezo. Nimezipanga nishati zetu kwa hatua hizo. Matumizi nimeyapa uzito zaidi, maana kununua ni siku moja, kupika ni kila siku.

1. Mtungi wa gesi wa kilo 15 na jiko la pleti mbili

Kwa familia, sina shaka. Ugali huku, samaki kule, sufuria hazina masizi. Wa kilo 6 unabebeka, lakini huchelewi kuurudisha dukani. Tatizo ni upatikanaji. Gesi ya mitungi si ile inayochimbwa Msimbati, hapa hapa Mtwara. Inaagizwa nje, inashushwa Dar es Salaam na Tanga. Mei 2024 barabara ilipokatika Somanga wakati wa kimbunga Hidaya, tuliona jinsi huku kusini tunavyotegemea njia moja. Ukiweza, weka mtungi mdogo wa akiba.

Dukani dai mzani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe: ukikuta kilo 14.5, mzani usome 29.5. Nyumbani paka povu la sabuni pale regulata inapoungana na mtungi. Mapovu yakivimba, funga, urudishe. Usijaribu kwa kiberiti hata siku moja.

2. Jiko la presha la umeme

Kwa mpangaji wa chumba kimoja ningeanza na hili. Maharage au mbaazi zinaiva kwa chini ya yuniti moja, nawe unaendelea na shughuli zako. LUKU unanunua kwa simu. Lakini ugali halisongi, na umeme ukikatika umekwama. Kabla ya kulipa, uliza kama mpira wa mfuniko unauzwa peke yake.

3. Gesi ya bomba

Kwa matumizi ingezishinda zote: hakuna mtungi wa kubeba. Inauma kwamba gesi iligunduliwa Mnazi Bay, kule Msimbati, mwaka 1982, bomba la kwenda Dar likakamilika 2015, na nyumba nyingi hapa bado hazijaunganishwa. Kama linapita mtaani kwako, sahau namba moja, omba kuunganishwa.

4. Mkaa

Upo kila kona na unanunua kidogo kidogo kulingana na mfuko. Hapo hauna mpinzani. Kasoro zinaanza ukishaufikisha nyumbani: kuwasha, kungoja, majivu, na msimu wa mvua unalowa. Ukibaki nao, chukua jiko sanifu lenye udongo ndani, na usilale nalo chumbani likiwa na makaa: hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua.