Tuisheni ya kemia Chikongola: joto utalielewa, viti sasa

Nina wiki ya tatu kwenye ile tuisheni ya jioni ya wanaorisiti fom siksi hapa Mtwara mjini, elfu ishirini kwa mwezi, na kwa vile watu mnaniuliza sana inboksi nasema hapahapa: kama kinachokutesa ni ikwilibriamu (pale mmenyuko wa kemia wa kwenda na wa kurudi unapolingana kasi) we nenda tu.

Mi nilikuwa najua joto linaharakisha basi, yani mmenyuko wa kwenda na kurudi ukiupasha unawahi kufika palepale ungefika. Kumbe hiyo ni kazi ya kichocheo! Ticha kaja na testi tyubu tatu za kobalti kloraidi iliyotiwa asidi, zote zambarau, moja kaitumbukiza kwenye maji ya moto ya chupa ya chai, nyingine kwenye barafu la samaki alilonunua feri (linanuka balaa), ya tatu kaiacha mezani. Ya moto ikawa bluu, ya barafu pinki, akazibadilisha na rangi nazo zikageuka, hajaongeza kitu hajapunguza kitu. Anasema ukipasha kasi zote mbili zinapanda ila upande unaonyonya joto unapanda zaidi, na hadi ile K yenyewe (namba inayoonyesha mmenyuko umeegemea upande gani) inabadilika, jambo ambalo presha haiwezi.

Jamaa mmoja akauliza kuhusu gesi yetu ya Mnazi Bay na mbolea, hapo ndo nilipoona hela yangu imerudi. Kupata haidrojeni kwenye gesi asilia kwa mvuke kunanyonya joto, so wanapasha mpaka nyuzi 800 na zaidi. Ila kuiunganisha na naitrojeni iwe amonia ya kutengenezea mbolea kunatoa joto, kwa hiyo baridi ndo ingekupa amonia nyingi, sema utasubiri mpaka uzeeke, basi wanakubaliana kwenye nyuzi kama 450 na chuma kama kichocheo na presha ya atmosfia 200 hivi. Kiwanda kimoja, joto mbili tofauti, na mi miaka yote nilikariri 450 bila kujua imetokea wapi.

Mahesabu ya K anakimbiza, ukiuliza anakwambia kafanye nyumbani. Feni ni moja tena inazunguka kwa huruma, mabenchi ya watu wanne tunakaa sita. Saa kumi na moja darasa linaanza ila ukifika kumi na nusu dirishani pameshajaa, beba na kitambaa cha jasho.